Muulize Yaya: Bwana yangu anataka kuacha kazi ya depo awe pomba (mbabe wa nguvu) wa kimataifa

Yaya, nakusalimu.

Nasoma majibu yako siku nyingi kwenye simu ya jirani. Leo naandika yangu, maana hapa nyumbani mambo yamekuwa mazito, tena mazito kwa kilo.

Bwana yangu ana miaka 27. Anapakua saruji na unga kwenye depo moja huku Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Si mrefu sana, mita 1 na sentimita 76, lakini ana kilo 98 na mgongo kama mlango. Tangu nimjue anapenda kubeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo, kilo 100 mabegani, wenzake wanapiga miluzi. Mwaka jana dereva mmoja wa lori aliyetoka Afrika Kusini akamwonyesha video za wanaume wanaobeba mawe ya mviringo na kuvuta ndege kwa kamba. Tangu siku hiyo sina bwana, nina mwanariadha.

Alitafuta mpira mkubwa wa plastiki, akauzika nusu mchangani, akamimina zege aliyoichanganya kwa saruji ya mifuko iliyopasuka (bosi wake alimruhusu). La kwanza lilitoka na umbo la yai. Sasa yako mawe matatu kwenye lupango, yaani ua wa nyumba tunayopanga, na mwenye lupango ananidai sakafu ya baraza iliyopasuka siku jiwe lilipomponyoka. Kula ndiyo usiseme. Bukari (ugali) ya watu wanne anaimaliza peke yake, mayai anaagiza kwa trei, na unga wa mwezi haufiki tarehe 20.

Ningevumilia, lakini sasa ana mambo matatu. Anataka kuacha depo afanye mazoezi kutwa, ati wale wazungu hawana kazi nyingine. Anataka tuuze firigo yangu, ambayo ndiyo ninauzia maji na sukre (soda) baridi, tupate pasipoti na nauli ya kwenda kwenye mashindano. Tena rafiki yake wa mazoezi amemletea vichupa vya sindano kutoka ng'ambo, vya kukaza mwili. Sijui kama ameshajichoma. Yaya, tunatafuta mtoto wa pili, mwaka umepita bila kitu. Na usiku anakoroma mpaka mtoto anaamka, halafu ghafla pumzi inakatika, kimya, nabaki nimekaa kitandani nikimwangalia hadi ashtuke avute hewa tena.

Binamu yake naye anasema aache upuuzi wa mawe, amtafutie kazi ya kuwa pomba, yaani mlinzi, wa mwanasiasa mmoja: dola, koti jeusi na miwani. Mama mkwe anasema nguvu hizi si za bure, mwanawe amechanjwa dawa, lazima apelekwe chumba cha maombi.

Mimi simdharau. Siku alipolipandisha lile jiwe kubwa juu ya pipa nilipiga vigelegele mwenyewe. Nataka tu kujua: kazi hiyo ipo kweli? Mtu anaishi nayo? Na firigo niuze?

Bibi wa Pomba, Katuba

*

Mdogo wangu,

Firigo usiuze. Nimelitanguliza hilo ili upumue, sasa tuzungumze mengine polepole.

Kazi ipo. Mashindano makubwa ya kumtafuta mwenye nguvu kuliko wote duniani yalianza mwaka 1977 huko California, yakitengenezwa kwa ajili ya televisheni, na Mmarekani Bruce Wilhelm akayashinda ya kwanza na ya pili. Yanaendelea mpaka leo: kuvuta lori, kutembea na nira ya chuma mabegani, kuinua gogo la chuma juu ya kichwa, na kumalizia na yale mawe ya mviringo yanayoitwa Mawe ya Atlas, kwa kawaida matano, kila moja zito kuliko lililotangulia, la mwisho mara nyingi likipita kilo 180. Bwana yako hajaota ndoto ya mchana.

Alichokosea ni kudhani kwamba wale watu wanalipwa kama wachezaji mpira. Mchezo ule hauna klabu ya kukusajili wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Kwenye fainali za dunia, miaka ya karibuni, wanaalikwa watu 25 hivi kutoka dunia nzima, na zawadi nono ni ya wachache wa juu. Waliobaki wanaishi kwa vipande vipande: mfadhili wa nguo, mfadhili wa chakula cha mazoezi, maonyesho, video za intaneti, kufundisha wengine. Ndugu wawili wa Uskoti, Tom na Luke Stoltman, wana ukumbi wao wa mazoezi, na Luke alikuwa akifanya kazi kwenye mitambo ya mafuta baharini. Eddie Hall wa Uingereza, mtu wa kwanza kunyanyua chuma cha kilo 500 kutoka chini hadi kiunoni, alikuwa fundi wa malori miaka mingi huku akijinoa. Mpolandi Mariusz Pudzianowski ana mataji 5, hakuna aliyemfikia, naye baadaye aliingia ulingoni kupigana ngumi na mateke.

Na sasa mwite bwana yako asome hapa mwenyewe. Mwafrika wa kwanza kuchukua taji la dunia ni Rayno Nel wa Afrika Kusini, mwaka 2025, kule Sacramento, mara yake ya kwanza kabisa kushiriki fainali zile. Alimpita Tom Stoltman kwa nusu pointi. Huyo Nel alicheza raga kwanza, na alipokuwa akishinda alikuwa bado mhandisi wa umeme. Kwa hiyo hii habari ya "wale hawana kazi nyingine" sijui aliitoa wapi. Labda video hazionyeshi saa za kazi.

Tena mchezo wenyewe ulizaliwa kazini. Kule Iceland, nchi ya watu wasiofika 400,000 ambayo imechukua taji la dunia mara 9, kuna ufukwe wenye mawe manne ya zamani: kilo 23, 54, 100 na 154. Wavuvi walipimwa nayo. Aliyeshindwa kuliweka lile la kilo 54 juu ya mwamba hakupewa nafasi kwenye mashua. Sasa mfuko wa saruji ni kilo 50, na bwana yako anabeba miwili. Yeye kila asubuhi yuko kwenye mtihani wa wale wavuvi, na analipwa juu yake! Mtu wa ofisini Ulaya analipia ada ya mwezi ili apate nafasi ya kubeba mzigo wa namna hiyo. Kuacha depo ni kuacha ukumbi wa mazoezi unaompa pesa.

Ila na wewe umsaidie kwenye jambo moja: anachoka. Mtu aliyepakua lori zima hawezi kuja jioni kunyanyua mawe kila siku akategemea kupata nguvu zaidi, maana misuli inakua wakati wa kulala. Azungumze na bosi wake apangiwe siku mbili au tatu za mzigo mwepesi, kuhesabu mifuko au kukaa na karatasi za stoo, na siku hizo ndizo afanye mazoezi mazito. Bosi aliyemruhusu kuchukua saruji ya mifuko iliyopasuka si mtu mbaya. Nitarudi kwake.

Kuhusu chakula. Hapa ninyi wawili mnagombana bure, kwa sababu hamjajua mchezo huu una madaraja ya uzito. Wale anaowaona kwenye video ni majitu. Brian Shaw wa Marekani, bingwa mara 4, ana mita 2 na zaidi, na enzi zake alikuwa karibu na kilo 200. Alikula chakula cha kalori 12,000 hivi kwa siku, ambacho ni chakula cha watu wanne au watano. Bwana yako hata akila lupango zima hataongeza urefu. Lakini kuna daraja la wasiozidi kilo 105, kuna la kilo 90, na yote yana mashindano yao ya kimataifa. Yeye kwa kilo 98 yuko palepale panapotakiwa. Abaki hapo. Kubaki hapo hakuhitaji bukari ya watu wanne, kunahitaji mboga ya maana: maharagwe kila siku, ndakala (dagaa), sombe (kisamvu) iliyotiwa karanga, mayai matatu manne, makayabo (samaki wa chumvi) ikipatikana. Mpunguzie bukari, muongezee maharagwe. Tumbo litalalamika wiki mbili, litazoea.

Sindano. Hapo mdogo wangu sitasema polepole.

Ndiyo, katika mchezo huu wengi wa juu wanatumia, na kwenye mashindano mengi upimaji si mkali kama wa Olimpiki. Bwana yako atakwambia hivyo, na atakuwa anasema kweli. Wewe mwambie hivi: vichupa vya namna hiyo kwa kawaida huwa na homoni ya kiume. Mwili ukipewa kutoka nje unaacha kutengeneza yake, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua, kwa wengine zinakwisha kabisa, na hata akiacha inaweza kuchukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, zirudi. Mnatafuta mtoto wa pili. Mwaka umepita. Kama ameshaanza kujichoma, jibu lenu linaweza kuwa humo ndani ya kichupa, na wakati huohuo mama mkwe anakuangalia wewe. Amwambie daktari ukweli, na nyote wawili mpimwe.

Halafu moyo. Jón Páll Sigmarsson wa Iceland, bingwa mara 4, alianguka akinyanyua chuma kwenye ukumbi wake mwenyewe, Januari 1993, akafa akiwa na miaka 32. Jesse Marunde, aliyekuwa wa pili duniani mwaka 2005, alikufa mwaka 2007 baada ya mazoezi, miaka 27, umri wa bwana yako leo. Moyo wake ulikuwa na ugonjwa wa misuli minene. Sisemi sindano ndiyo iliyowaua. Nasema moyo wa mtu anayenyanyua hivi unafanya kazi ngumu tayari, na homoni zinaunenepesha zaidi, zinapandisha tansio (shinikizo la damu) na kuifanya damu kuwa nzito. Eddie Hall siku ile ya kilo 500, Leeds, Julai 2016, alitoka damu puani akazimia. Mwaka uliofuata akashinda taji la dunia Botswana, akasema basi, harudi tena kwenye mashindano yale. Huyo alikuwa na madaktari pembeni. Bwana yako ana rafiki mwenye mfuko wa vichupa visivyojulikana vimejazwa nini, na sindano ambayo hujui imepita kwa nani kabla yake.

Kule kukoroma pia usikuchukulie kama kero ya usiku tu. Mtu mwenye shingo nene pumzi ikimkatika usingizini, damu inakosa hewa, moyo unahangaika usiku kucha. Wengi wa wale mabingwa wanalala na mashine ya kusukuma hewa puani. Hapa kwetu mashine hiyo haipatikani kirahisi, lakini kupima tansio kunapatikana kwenye kituo chochote cha afya kwa pesa kidogo. Mpeleke wiki hii. Ikiwa iko juu, mawe yasimame mpaka ishuke. Na kwa sasa alale kwa ubavu, kichwa kimeinuliwa.

Yale mawe yenyewe sina ugomvi nayo, ila nimeona mtu akilibeba vibaya na sipendi kuona tena. Jiwe halivutwi kwa mikono iliyokunjwa. Msuli wa mbele wa mkono ndio unaochanika kwenye mchezo huu kuliko mingine, na mtu aliyechanika hapo hapakui saruji kwa miezi. Alikumbatie kutoka chini mikono ikiwa imenyooka, alipakate mapajani akiwa amechuchumaa, alishike upya juu zaidi, ndipo asimame nalo kwa nguvu ya nyonga. Na achimbe shimo dogo la mchanga lupangoni, au aweke matairi chakavu, jiwe liangukie hapo. Sakafu ya baraza mlipe, ni haki ya mwenye lupango.

Binamu na ile kazi ya koti jeusi: hapana. Siku ya kampeni atatumwa apige watu, na watu hao ni majirani zake. Mheshimiwa akianguka anapanda ndege. Pomba wake anabaki Katuba, na kila mtu anaikumbuka sura yake. Kama anataka kutumia ukubwa wake kulinda, yako maduka na hoteli mjini zinazotafuta mlinzi wa mlangoni.

Turudi kwenye safari, maana najua ndiyo inayomkera. Hakuna anayekata tikiti akaenda kwenye mashindano ya dunia. Unaalikwa, na unaalikwa kwa sababu umeshinda mahali, kuna picha, kuna watu waliopima uzito wakaandika. Cheick Sanou wa Burkina Faso, anayejulikana kama Iron Biby, alitoka Bobo-Dioulasso akaenda Canada kusoma, akaanzia huko kushindana kwenye mashindano madogo ya kunyanyua vyuma. Mwaka 2021, Glasgow, aliinua gogo la kilo 229 juu ya kichwa, rekodi ya dunia. Alikaa miaka kwenye madogo kabla ya jina lake kufika huku. Mashindano madogo ndiyo tusiyokuwa nayo hapa Lubumbashi. Mji huu una matajiri wanaopenda michezo, lakini pesa yote iko kwenye mpira, Kamalondo, nyumbani kwa klabu ya TP Mazembe, na siwalaumu, klabu hiyo ilicheza fainali ya klabu za dunia mwaka 2010. Mtu wa mawe bado hana mfadhili.

Kwa hiyo aanze na bosi wa depo. Jumapili moja, barabara tambarare, lori la depo lenye jina la depo ubavuni, kamba nene na mkanda wa kuvaa mabegani. Gia iwe huru, dereva ndani mguu ukiwa tayari kukanyaga breki, watoto wote pembeni, hata mmoja asiwe mbele. Kuliamsha lori ndiko kugumu. Likishaanza kubingirika, mtu anajiinamisha na kupiga hatua fupifupi bila kusimama. Watu watajaa, bosi atapata tangazo ambalo hakulilipia redioni, wewe utauza sukre kuliko siku zote, na bwana yako atapata video yake ya kwanza yenye maana. Apige na picha ya mawe yakiwa kwenye mizani ya depo, uzito unasomeka. Video hizo ndizo atakazowatumia waandaaji wa Afrika Kusini, ambako mchezo huu umepangika na una madaraja yake. Njia ya kwenda huko inaanzia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni ileile ya malori anayoyapakua. Na asidhani bara letu liko mbali na mambo haya: fainali za dunia zilifanyika upande wa Zambia kwenye maporomoko ya Victoria mwaka 2001 na 2003, na Botswana mwaka 2016 na 2017.

Pasipoti aiwekee akiba kutoka kwenye mshahara wake, kidogo kila wiki, nawe uishike pesa hiyo. Nauli itoke kwa mtu atakayefaidika na jina lake, si kwenye maji baridi yanayomlisha mtoto.

Kuhusu mama mkwe. Mwalike siku ya mazoezi, mpe kiti kivulini, aone jinsi mwanawe anavyohema na kutoka jasho. Mtu mwenye dawa za kuchanjwa hahemi hivyo. Akishikilia lazima chumba cha maombi, bwana yako aende bila ubishi: saa tatu kwenye benchi bila kunyanyua kitu ni mapumziko ambayo hajayapata wiki nzima.

Yaya